Mama Mkwe Golini

Shemeji yangu mkubwa, kaka ya mke wangu, ni fundi wa kuchomelea mageti huko Kitengela, na ndiye mtu aliyenifundisha kuchukia nikiwa tayari ni baba wa watoto watatu. Najua ana wanaompenda. Hata mimi nilimpenda, mpaka siku aliyomsimamisha mama yake golini.

Nianze na mpira wenyewe. Siku inayofuata Krismasi, ukoo wa mke wangu hukutana Kitengela kucheza. Familia nyingi zikisema zinacheza mpira, humaanisha wajomba walioshiba wakikimbizana na watoto kwa sandali, na mpira wenyewe umelegea. Sisi hatuchezi hivyo. Shemeji alichomelea magoli mawili ya chuma kwa mikono yake, akayapaka rangi nyeupe, akayafunga nyavu halisi. Kila mwaka huupima uwanja kwa kamba na kuchora mistari kwa chokaa, kwenye ploti kubwa nyuma ya mtaa wao ambayo mwenyewe yuko ng'ambo na hajawahi kuijenga. Udongo wa pale ni ule mweusi unaopasuka jua likizidi, kwa hivyo Desemba ikiwa kavu yeye huzijaza nyufa kwa mchanga wa ujenzi, toroli baada ya toroli, ili mtu asivunjike mguu. Mpira ni wa ngozi. Kila mchezaji, hata shangazi mwenye wajukuu, ana njumu zenye meno na kinga za ugoko ndani ya soksi. Jezi zimechapishwa. Zao zimeandikwa NYUMBANI mgongoni, zetu zimeandikwa WAGENI.

Wageni ni mimi, mke wangu, watoto wetu, na ndugu zangu wanaokuja kutoka Mashuuru. Mke wangu hucheza upande wangu, winga ya kushoto, kwa sababu alishaolewa akatoka kwao, na huwakaba kaka zake bila huruma. Refa ni baba mkwe. Hana upendeleo kwa kuwa hamwamini mtu yeyote.

"Kama tunacheza, tucheze," shemeji husema kabla ya kipenga. "Mwenye anataka chai aende ndani akunywe chai."

Hapo nampa haki yake, maana mimi pia naamini hivyo. Mtu mzima anayepunguza mbio ili mtoto apite anamdanganya mtoto, na mtoto anajua. Tulikubaliana katika hilo, mimi na shemeji, na pengine ndiyo sababu tulichukiana vizuri hivyo baadaye.

Mimi nilikuwa namba tisa. Ujana wangu niliumalizia kwenye viwanja vya Kajiado, na mguu wangu wa kulia bado unakumbukwa na watu wawili watatu ambao sasa wana vitambi. Miaka ya kwanza ya ndoa nilifunga nilivyotaka. Kipa wao alikuwa binamu mmoja mzito aliyeruka mpira ukiwa umeshaingia. Kila nikifunga nilikimbia nimetandaza mikono, nikampitia shemeji karibu kabisa, nikamuuliza kama alichomelea yale magoli vizuri, kwa sababu naona yanatikisika. Hakunijibu. Alikuwa anafikiri.

Mwaka aliopata jibu, tulijipanga, nikainua macho, nikamwona mama mkwe akitembea kuelekea golini. Alikuwa amevaa glavu za kipa, mpya, za kijani, na kitambaa kichwani, na sketi ndefu juu ya suruali ya michezo. Akasimama katikati ya lango, akakunja mikono.

Hapa lazima nieleze. Mimi ni Mmaasai, mke wangu ni Mkamba, na katika mengi tunayobishania kuna moja ambalo watu wake na watu wangu waliliafiki kabla hatujazaliwa: mwanamume na mama ya mke wake hawakaribiani. Wakamba huiita nthoni. Ni haya, ni heshima, na ni ukuta. Nikimwona mama mkwe barabarani, naacha njia na kupita kando. Hatushikani mikono. Hatuli meza moja. Akiwa na jambo la kuniambia, anamwambia binti yake nami niko pale pale nasikia, kisha namjibu kupitia kwa binti yake. Hawezi kulala chini ya paa langu. Siku hizi watu wengi wa kanisani wameyaacha mambo hayo, lakini yeye hakuyaacha, na mimi sikuona sababu ya kumwomba ayaache. Wenzangu walilalamika kuhusu mama wakwe zao mpaka chai ikapoa. Mimi nilinyamaza, maana wangu hakuwahi kunisema hata siku moja.

Sasa mweke mtu huyo golini, na mpira uko mguuni pangu.

Ndugu yangu mdogo alinipa pasi safi siku hiyo. Nikampiga chenga wa kwanza, nikampita wa pili, nikabaki mimi na lango. Na yeye. Sikuwa nimewahi kumtazama usoni kwa umbali ule. Mguu ulikataa. Nikafanya kile ambacho mwili wangu umezoea kufanya nikimwona: nikainamisha kichwa, nikapinda, nikapita kando. Mpira ulijiendea wenyewe taratibu ukatoka nje.

Shemeji alicheka mpaka akalala chini kwenye chokaa, jezi ikawa nyeupe.

"Wageni, karibuni!" akaita. "Mlango iko wazi! Si upige, shemeji? Ama ni mama unaogopa?"

Ningepiga vipi? Mpira ungemgusa, ingesemwa Kitengela yote kwamba nimempiga mama ya mke wangu. Ningekaribia na kumgusa kwa bega, baba mkwe angepuliza kipenga, na baadaye ningeitwa nyumbani na kutozwa faini ya mambo yasiyohusu mpira. Sikuingia tena ndani ya boksi siku hiyo. Na namba tisa asiyeingia ndani ya boksi ni mtazamaji aliyevaa njumu. Tulifungwa.

Tulifungwa tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Kila mwaka mama mkwe alikwenda golini na glavu zake, akakunja mikono, na mimi nikawa nazunguka nje ya mstari kama ng'ombe aliyefungiwa nje ya zizi. Mtu fulani akanichukua video nikiinamisha kichwa, akaituma kwenye kundi la familia. Kutoka hapo ikatembea. Siku moja mteja aliingia dukani kwangu Kajiado, duka la dawa za mifugo, akanunua dawa ya kupe, kisha akanionyesha simu yake akiuliza kama huyu si mimi. Nilimwambia ni mimi. Niliona aibu, halafu hasira, halafu aibu ikaisha nikabaki na hasira peke yake.

Sitaficha nilichomtakia shemeji. Nilimtakia stima ipotee Desemba nzima akiwa na mageti ya watu hayajaisha. Nilimtakia mteja msumbufu, wa kubadilisha rangi kila asubuhi. Nilitaka siku moja asimame kwenye ule uwanja wake wa mchanga, mbele ya watoto wake na watoto wangu, akose la kusema. Hicho tu ndicho nilichotaka, na nilikitaka kuliko nilivyotaka mvua. Nikaanza kukimbia asubuhi kando ya barabara ya Namanga kabla ya kufungua duka. Nikanunua njumu mpya za ngozi, nyeusi tupu, zile za mtu asiyecheza na mchezo. Jioni niliupiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya duka, na kila shuti nilisema, "Shemeji."

Kwanza nilijaribu ujinga. Nilisema, kama yeye ana mama, hata mimi nina mama. Nikamleta mama yangu kutoka Mashuuru, nikamvisha jezi ya WAGENI juu ya shuka na shanga zake, nikamsimamisha golini. Niliamini shemeji naye atashindwa kupiga. Sikuwa nimefikiria kwamba yeye si mkwe wa mama yangu, na kwamba hakuna nthoni yoyote kati yao. Alikuja na mpira polepole, uso umejaa adabu.

"Takwenya, yeyo!" akamsalimia, kwa Kimaasai safi alichonisikia mimi nikikisema.

Sasa mama yangu hajawahi kuacha salamu ianguke. Alitoka golini, akanyoosha mkono.

"Iko," akaitikia kwa Kimaasai. "Watoto hawajambo?"

Shemeji alimshika mkono kwa mkono wa kulia, na kwa mguu wa kushoto akausukuma mpira wavuni. Mama aliendelea kumuuliza habari za mifugo ambayo hana. Watu walicheka hadi wengine wakatoa machozi, na mama akacheka nao, kisha akaniambia njiani kwamba yule kijana ana heshima sana.

Jibu langu lilikuja dukani, mahali ambapo sikulitafuta. Mzee mmoja wa Kikamba, anayefuga mbuzi upande wa Isinya, alikuja kununua dawa ya minyoo. Alikuwa na haraka kwa sababu mkwe wake, yaani mume wa binti yake, alikuwa nje kwenye pikapu pamoja na mama mkwe wake, wanamngoja, wote waende harusini. Nikashangaa.

"Na mama yuko pamoja na mkwe kwa gari moja?" nikauliza. "Nthoni je?"

"Iliisha," akasema. "Huyo kijana alileta mbuzi na blanketi."

"Si blanketi hupeanwa na mahari?"

"Hiyo ni ya mahari. Hii ni ingine, ya kutoa haya. Unamfunika mama nayo mbele ya wazee, mnashikana mikono, mnakula mbuzi, imeisha. Sasa tunakula meza moja. Anambebea hata mtungi wa gesi."

Nilimpa dawa yake. Nadhani nilimrudishia chenji kubwa kuliko iliyostahili. Akilini nilikuwa naona kitu kimoja tu: lango, mama mkwe katikati, na mimi ndani ya boksi nikiwa na haki yangu yote.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu jikoni. Alikuwa anasonga ugali.

"Nataka kuondoa nthoni na mama yako. Krismasi hii."

Mwiko ukasimama. "Wewe? Umeamua mwenyewe?"

"Nimeamua. Wakati umefika."

Alinigeuzia mgongo akaendelea kusonga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nawaza kama nipige chini kushoto au juu kulia.

Wiki zilizofuata alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu. Twende tukachague blanketi, akasema, na tukazunguka soko la Kajiado mpaka miguu ikauma, kwa sababu kila blanketi ama ni jepesi ama lina nyuzi zinazotoka. Akachagua moja zito, rangi ya damu ya mzee. Nyumbani alilikunja, akalikunjua, akalikunja upya mpaka kingo zikalingana. Akawahamishia watoto chumba cha nyuma, akakipaka rangi kile chao cha mbele, akanunua godoro jipya. Nilidhani ni usafi wa Krismasi. Mbuzi nilimtoa kwenye kundi la ndugu yangu Mashuuru, dume mweupe, aliyenona. Ndugu yangu aliponiuliza sababu nilimweleza, akacheka akaniambia mimi ni mtu hatari.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Asubuhi tulikaa sebuleni kwao Kitengela. Baba mkwe alisema maneno machache kwa Kikamba, mke wangu akanifasiria. Nilisimama, nikalikunjua blanketi, nikalitandaza mabegani mwa mama mkwe. Nikalivuta likae sawa, na kwa muda huo sikuufikiria mpira. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Alitoa mkono chini ya blanketi akaushika wangu, mara ya kwanza tangu nimjue, na ulikuwa mkavu na wenye nguvu.

"Mwanangu," akasema, akinitazama mimi, si binti yake. "Blanketi ni mzuri. Iko na uzito. Sasa nitakuja kwenu nione vile mnakaa."

Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Karibu na mlango kulikuwa na begi lililofungwa zipu, na juu yake sweta. Niliona nikadhani ni la mtoto fulani.

Shemeji alinishika mkono, akakataa kuuachia.

"Umefanya jambo ya maana, shemeji," akasema. "Aki, umefanya. Hiyo kitu imesumbua huyu dada yangu sana."

Alisema kweli, macho yake yalikuwa na maji. Nami sikulainika hata kidogo. Nilifurahi zaidi, kwa sababu niliona kwamba hajagundua. Tulikula mbuzi, tukanywa supu, na mchana ulipofika tulivaa njumu tukaenda uwanjani. Kule shemeji alimpa mama yake glavu za kijani, vile vile alivyozoea, na mama akaenda golini na kusimama katikati.

Sikungoja. Mpira wa kwanza ulioniangukia niliutuliza kwa kifua, nikampita shemeji mwenyewe, nikaingia ndani ya boksi. Nilikuwa nimesahau mstari ule unavyokaa chini ya mguu. Mama mkwe aliniona nakuja akatabasamu, mikono imekunjwa.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Nikapiga. Nilipiga kwa mguu wa kulia na kwa nguvu zote za zile asubuhi za barabara ya Namanga. Mpira ulipita juu ya bega lake, ukagonga chuma cha ndani, ukaingia wavuni. Chuma kililia uwanja mzima.

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe alikuwa na kipenga mdomoni na hakukipuliza.

"Wewe!" shemeji akapiga kelele. "Huyo ni mama!"

"Nthoni imeisha," nikasema. "Uliza mzee. Si mmekula mbuzi?"

Wote walimgeukia baba mkwe. Akafikiri. Kisha akapuliza, akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Lilikuwa goli. Nikamtazama shemeji na nikaona akielewa, kipande kwa kipande, toka asubuhi hadi pale. Ningeweza kusimama hapo nikimtazama mpaka jua litue.

La pili nilifunga chini kushoto. Mama mkwe alikuwa amekunjua mikono sasa. Kwenye la tatu alijaribu. Alinyoosha mkono kweli, mpira ukampiga kwenye glavu, ukausukuma mkono nyuma, ukaingia. Akautikisa ule mkono akaushika na mwenzake. Sikupunguza. Nilisema mapema ninavyoamini, na niliamini hivyo hivyo siku hiyo. Shemeji alimwita binamu mzito aje achukue glavu, lakini mama mkwe akakataa, akasema amalize kazi yake. Kati ya hayo nilitoa pasi kwa winga ya kushoto, ikatoka nje kwa sababu hapakuwa na mtu. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma karibu na mstari wa katikati, mikono kiunoni. Nilidhani amechoka.

Wao walipata moja, shemeji alifunga, hakushangilia. Kisha nikafunga la nne. Hapo nikamfuata mpaka pale alipokuwa, nikasimama mbele yake, na nikayasema yote niliyokuwa nimeyaweka. Sikunong'ona.

"Ile blanketi uliona? Hukujua ni ya nini? Nilinunua goli! Mbuzi mlikula, supu mlikunywa, yote ni ya hii goli! Cheka sasa! Si ucheke?"

Hakucheka. Alikosa la kusema, kama nilivyotaka, mbele ya watoto wake na watoto wangu, na sitadanganya, ilikuwa tamu. Niligeuka nimtafute mke wangu tushangilie. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama goli. Mama mkwe alikuwa anavua glavu, kidole baada ya kidole. Aliziweka chini kando ya mlingoti, akainama kupita chini ya kamba ya wavu, na akazunguka uwanja kwa nje, kwenye majani, mbali nami, mpaka nyumbani.

Mchezo uliisha nne moja. Baba mkwe alitia kipenga mfukoni bila kumpa mtu mkono.

Tulipokuwa tunaondoka, lile begi lilikuwa bado pale mlangoni, ila sweta lilikuwa limeondolewa. Mama mkwe alisimama kando yake. Nilikuwa mbele yake, hatua chache tu.

"Mwambie safari njema," akamwambia binti yake.

Tulipita Isinya giza likiingia. Watoto walilala nyuma na jezi zao. Mimi bado nilikuwa na joto la ushindi, nikamwambia aliona la tatu lilivyopinda? Tulipofika Kajiado, nikazima gari mbele ya geti letu, akabaki amekaa.

"Nikijifungua," akasema, "mama alikuwa anatoka Kitengela na uji kwa thamosi. Anakuja mpaka hapa kwa geti. Hapa, penye umesimamisha gari. Ananipatia uji, anamwangalia mtoto nikiwa nimemshika, anarudi. Watoto wote watatu. Ulikuwa unampita ukienda kazi, unainamisha kichwa. Nilidhani uliona. Uliposema umeamua, nilidhani sasa ameona."

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema kwamba desturi haikuwa yangu peke yangu, na kwamba hakuniomba hata siku moja. Alishuka kabla sijalipanga.

Kabla mwaka haujaisha, shemeji alikuja dukani. Nilimwona akishuka kwenye pikapu nikajiandaa, maana nilijua amekuja kulipiza na mimi ningefanya hivyo hivyo. Kwenye bega alikuwa na blanketi la rangi ya damu ya mzee. Kwa mkono mwingine alivuta mbuzi dume, mweupe, mwenye umbo la yule tuliyekula. Nadhani alitafuta soko zima kumpata anayefanana.

"Mama amesema kila kitu irudi mahali yake," akasema.

"Mbuzi mlikula."

"Hii ni ingine. Amesema hataki kitu yako. Amesema nthoni irudi vile ilikuwa."

Nilingoja acheke. Nilitaka acheke, ili nipate pa kushika. Alifunga mbuzi kwenye chuma cha dirisha, akahakikisha fundo, na akauliza kama dada yake yuko.

Mke wangu alitoka nyuma ya duka. Alilipokea blanketi kwa mikono miwili. Kaka yake akamshika bega, akarudi kwenye pikapu, akaondoka. Mke wangu alisimama pale akalitazama lilivyokunjwa, kingo zikiwa zimelingana, kwa mkono wa mama yake safari hii.

"Kumbe mlimaliza ngapi ngapi?" akaniuliza.

"Nne moja," nikasema.

"Hongera."

Akavuka barabara kuelekea nyumbani na blanketi kifuani. Nilipofunga duka na kufika, nilimkuta amelitandika kwenye kitanda cha chumba cha mbele, juu ya godoro jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi yake ya nailoni, na alikuwa anawaambia watoto kwamba hakuna mtu wa kulala humo.